Vinywa vitatu, chupa moja ya dawa

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Tanga mjini kwa mama mkwe wangu pamoja na mume wangu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu watu watatu tunaumwa kinywa, na wote tunatumia dawa ya chupa moja.

Ilianza kwangu. Tangu nijifungue, kila baada ya wiki tatu au nne natokwa na vidonda ndani ya mdomo, viwili au vitatu, vidogo kama punje ya dengu, katikati vyeupe na pembeni vyekundu. Vinauma hadi chai ya asubuhi naiacha ipoe kabisa. Wifi yangu alinipa kapsuli za rangi mbili, akaniambia nyingine ninywe, nyingine niifungue nimwage unga wake juu ya kidonda. Vilipona baada ya siku kama tisa. Mwezi uliofuata vikarudi.

Kisha mtoto. Ana miezi mitano. Ulimi wake ulifanya utando mweupe, na sasa umeingia hadi ndani ya mashavu. Ananyonya kidogo, anaachia, analia. Jirani aliyewahi kuuza duka la dawa akatuletea chupa ya dawa ya zambarau, tukampaka. Jirani huyo huyo nasikia amesema huko nje kwamba mtoto mwenye ulimi mweupe "anajulikana ana nini". Daktari, nilipimwa kliniki nikiwa mjamzito, nikapimwa tena, sina virusi. Lakini tangu nisikie maneno yale usingizi umeniruka. Mama mkwe naye anasema si utando, ni meno ya plastiki: ameona uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto, na anamjua mzee wa kuyatoa.

Wa tatu ni mama mkwe mwenyewe. Ana miaka 61 na anatafuna tambuu tangu usichana wake, popoo, chokaa na tumbaku. Alikuwa mtu wa achari na pilipili, siku hizi hata pilau anasema inamuunguza. Andazi analikata vipande vidogo kabla ya kula, mdomo haufunguki vizuri. Juzi alipiga mwayo nikaona ndani ya shavu la kushoto weupe umeganda kama chokaa ya ukutani. Naye anapaka ile zambarau. Nilipothubutu kumwambia twende hospitali alinijibu kwamba kinywa chake hakijawahi kuchunguliwa na mtu na hakitaanza leo. Mume wangu ananiambia niache kumchokoza mama yake.

Je, haya maradhi tunaambukizana humu ndani? Nianzie wapi?

Mkamwana, Tanga

—

Marahaba, mwanangu.

Hamuambukizani. Hapo kwenu kuna mambo matatu tofauti yaliyokutana chini ya paa moja, na yote matatu yana kitu cheupe, ndiyo maana chupa moja imeonekana inatosha. Umeyaandika kwa jinsi yalivyoanza. Mimi nitayageuza, kwa sababu uliyemweka mwisho kwenye barua ndiye ningemwita wa kwanza kama mngekuwa mmekaa kwenye benchi nje ya chumba changu.

Kwanza, namna ya kutazama. Weupe wa mdomoni huwa nauuliza maswali mawili: unafutika? Na una siku ngapi? Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe maji, kizungushe kwenye kidole, pangusa taratibu. Mabaki ya maziwa huondoka mara moja, na chini yake ulimi ni wa kawaida. Utando wa fangasi hung'ang'ania, hutoka kwa vipande kama maziwa yaliyoganda, na chini huacha pekundu, pengine kwa tone la damu. Kuna weupe mwingine ambao ukiupangusa hata mara kumi hauondoki, kwa sababu haukukaa juu ya ngozi laini ya kinywa. Ni ngozi yenyewe iliyobadilika. Huo wa mwisho ndio unaonitia hofu, na kwa maelezo yako ndio ulio kwenye shavu la mama mkwe wako.

Uliyoyaeleza juu yake yangekuwa ya kitabuni kama si kwamba nimeyaona kwa wazee wengi mno wa pwani. Popoo, ile kokwa ngumu inayofungwa ndani ya jani la tambuu, ina kemikali inayochochea nyama ya ndani ya shavu kutengeneza nyuzi ngumu. Dalili ya mwanzo karibu kila mara ni hiyo hiyo, pilipili inaanza kuunguza mtu aliyeizoea tangu utoto. Kisha shavu linapauka, linakakamaa, ukilipapasa kwa ndani unakuta kama kamba zimepita wima, na mdomo unafunguka kidogo kidogo zaidi kila mwaka hadi mtu anaanza kukata andazi. Mtu mzima asiye na shida hupitisha vidole vyake vitatu, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mwombe ajaribu, kama mchezo tu. Akipitisha viwili kwa tabu, jibu mnalo.

Nyuzi hizo zikishajengeka hazirudi zilivyokuwa. Lakini zinaweza kuzuiwa zisiendelee, na hatua ya kwanza ni kuacha popoo. Nasema popoo, maana watu wengi wakisikia "acha tambuu" hutoa tumbaku wakabaki na mengine, wakidhani wamemaliza kazi. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha tathmini yake: tambuu husababisha saratani iwe ina tumbaku au haina, na popoo yenyewe imo kwenye orodha hiyo. Hospitali kuna sindano za kulainisha shavu, kuna mazoezi ya kufungua mdomo kwa vijiti bapa vinavyoongezwa kimoja kimoja kati ya meno kadiri siku zinavyokwenda, na kwa waliofungika sana kuna upasuaji. Kadiri anavyowahi, ndivyo kazi inavyokuwa ndogo.

Doa jeupe ni jambo la pili ndani ya kinywa hicho hicho. Madoa ya aina hii mengi hayageuki kuwa saratani, baadhi hugeuka, na kwa macho hakuna daktari anayeweza kuapa lipi ni lipi. Lenye wekundu ndani yake, au lililochanganya nyeupe na nyekundu, ndilo tunalolihofia zaidi. Kwa hiyo hukatwa kipande kidogo, mgonjwa akiwa macho, sehemu hiyo imetiwa ganzi kama ya kung'oa jino, kikapelekwa maabara. Najua atakachosema, au watakachomwambia wenzake, kwamba kidonda kikiguswa na chuma kinasambaa. Neno hili limenipotezea wagonjwa wengi kuliko nauli. Kukata kipande cha uchunguzi hakusambazi saratani mdomoni. Kinachotokea ni kwamba watu huja wakiwa wamechelewa, wanakatwa, wanafariki baada ya miezi, na chuma kinabeba lawama.

Msisubiri hata siku moja mkiona kidonda kilichokaa zaidi ya wiki tatu bila kupona hata kama hakiumi (saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi, na ndiyo hila yake), sehemu iliyokuwa laini imekuwa ngumu, ganzi ya mdomo au kidevu isiyo na sababu, meno yanayolegea ghafla upande mmoja, au tezi ngumu shingoni. Pembeni mwa ulimi na chini yake ndiko pa kutazama zaidi.

Sasa mtoto.

Kama umepangusa na pamebaki pekundu, hasa mashavuni, hiyo ni fangasi ya kinywa. Kwa mtoto wa miezi mitano ni jambo la kila siku kliniki. Kinga yake bado inajifunza kazi. Halitangazi siri ya mtu yeyote, na jirani yako angekaa kimya angekuwa amesaidia zaidi kuliko kwa chupa. Habari ni nyingine kwa mtoto mkubwa au mtu mzima anayepata utando huo bila sababu. Huyo tutamwuliza kama ametumia antibayotiki karibuni, kama anavuta dawa ya pumu bila kusukutua baada yake, kama analala na meno ya bandia mdomoni, na ndiyo, tutampima sukari na virusi. Wewe umeshapimwa. Lala.

Dawa yake ni matone ya nistatini. Kwa kawaida ni mililita moja mara nne kwa siku baada ya kunyonya, nusu shavu hili na nusu shavu lile, ili dawa iguse utando badala ya kuteremka moja kwa moja tumboni. Mhudumu wa afya amtazame kwanza na kuhakikisha kipimo. Wazazi wengi hukosea mwisho: utando ukiisha siku ya nne wanaweka chupa kabatini, wiki ijayo umerudi. Endelea siku mbili zaidi baada ya kinywa kuwa safi. Ipo pia jeli ya mikonazoli, lakini mtoto chini ya miezi minne asipewe, kwa sababu ni nzito na inaweza kumkaba kooni, na hata kwa wa kwako hupakwa kidogo kidogo kwa kidole.

Tazama na chuchu zako. Zikiwa zinawasha, zinang'aa kwa wekundu, au zinachoma kama sindano wakati wa kunyonyesha, mtibiwe pamoja, la sivyo mtapeana fangasi hiyo kwa zamu. Hapa tu ndipo swali lako la kuambukizana lina jibu la ndiyo. Kunyonyesha usiache.

Hiyo dawa ya zambarau si ya kudharau, imefanya kazi kwenye zahanati zetu miaka mingi. Tatizo ni nguvu yake. Iliyokuwa ikipakwa vinywani ilikuwa imezimuliwa hadi asilimia 0.25, wakati chupa za dukani mara nyingi zina nguvu mara mbili au hata mara nne ya hiyo, na huweza kuchubua kinywa cha mtoto. Huenda sehemu ya kilio chake inatoka humo. Acha kuipaka. Na kabla mtu hajakuletea asali na limau, asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga, hata pumzi ikakatika.

Kuhusu meno ya plastiki nitasema kwa sauti ya juu kidogo, nisamehe. Hakuna meno ya plastiki. Uvimbe mweupe anaouona bibi yake kwenye ufizi ni jino la utotoni, mara nyingi chonge, likiwa bado limelala ndani ya nyama likingoja wakati wake. Mzee wa kuyatoa huchimba ufizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, akatoa kijino laini ambacho hakijakomaa, mama akaonyeshwa "plastiki" yenyewe. Nimepokea watoto waliotoka huko wakiwa na damu isiyokata, na wenzangu wamepokea wenye pepopunda. Anayepona bila madhara hayo anaweza kukua na meno ya ukubwani yaliyopinda au yasiyoota kabisa, kwa sababu mbegu yake ilikuwa chini ya ile iliyochimbwa. Mtoto akiwa na homa au anaharisha, sababu itafutwe kwenye homa na tumboni. Ufizi wake usiguswe.

Na baba mtoto, ikiwa ni katika wale ambao kila wakipata homa hutokwa na malengelenge pembeni mwa mdomo, asimbusu mtoto hadi yakauke. Watu husema "homa imetokea mdomoni". Hapana, ni kirusi kinachoishi kwenye mishipa ya fahamu kikingoja mwili uchoke, na kwa mtoto mchanga ni hatari.

Umebaki wewe. Vidonda vyako, kwa ukubwa, rangi, mahali na kurudi kwake, ni vile vya kawaida kabisa ambavyo watu wengi huvipata na ambavyo havimwambukizi yeyote. Huota sehemu laini zinazotembea, ndani ya mdomo, mashavuni, chini ya ulimi, na hupona vyenyewe kati ya siku saba na 14. Chako kilipona siku ya tisa, kingepona siku ya tisa hata kama hukumwagia kitu. Hiyo ndiyo bahati ya kila dawa inayotumiwa kwa kidonda kinachojiponea.

Nina ugomvi wa zamani na rangi mbili. Hilo ni jina la ganda, si jina la dawa. Ndani ya kapsuli zenye rangi mbili nimekuta dawa tofauti kabisa, na nyingine mama anayenyonyesha hapaswi kuinywa bila kuuliza. Kidonda cha aina yako hakihitaji antibayotiki. Na zikizidi, huua bakteria wema wa kinywani, fangasi ikapata uwanja. Vivyo hivyo usiweke aspirini iliyosagwa kwenye kidonda au ufizi unaouma, inaunguza. Nimewahi kutibu majeraha ya aspirini makubwa kuliko ugonjwa ulioyaleta.

Fanya hivi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua mara tatu nne kwa siku, tema. Mswaki uwe laini. Dawa ya mswaki inayofanya povu jingi huwasumbua baadhi ya watu, jaribu isiyo na povu kwa mwezi mmoja uone. Ndimu, pilipili na embe bichi la chumvi vipumzike siku hizo chache. Kidonda kikikutesa, kuna dawa nzito ya kupaka yenye steroidi iliyotengenezwa mahsusi kwa kinywa, hupakwa kidogo mara tu unapohisi kimeanza. Usichukue krimu ya ngozi ukaipaka mdomoni.

Lakini kilichonishika kwenye maelezo yako ni "tangu nijifungue". Mama aliyetoka kujifungua, ananyonyesha, halali vizuri na sasa anasemwa na majirani ana sababu mbili za vidonda, damu na mawazo. Upungufu wa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12 hufanya vidonda hivi virudi rudi. Omba kipimo cha picha kamili ya damu. Mchicha, dagaa, maini na maharage viwe vingi sahanini, na vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ukaviacha kwa sababu vinachefua (nakuona), uvirudie ikiwa kipimo kitasema hivyo. Vikizidi sentimita moja, visipopona kwa wiki tatu, au vikiambatana na vidonda sehemu za siri au macho mekundu, hiyo ni safari nyingine na usiichelewe.

Sasa nirudi kwa mwenye nyumba, maana najua matone ya mtoto utayanunua kesho, na huyu ndiye utakayemwahirisha.

Usimwambie anaumwa. Mwanamke wa miaka 61 aliyepokea wageni kwa sinia la tambuu maisha yake yote hataambiwa na mkamwana kwamba sinia lile ni ugonjwa. Yeye ana hoja yake: ameona uvimbe kwenye ufizi wa mjukuu. Itumie. Mwambie, "Mama, twende ukamwonyeshe daktari mwenyewe ulichokiona, mimi sijui kueleza." Aende kama shahidi. Mkifika idara ya kinywa na meno, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, umwendee mhudumu kwanza, umweleze kwa sauti ya chini. Daktari akimaliza na mtoto atageuka amwambie, "Na bibi, hebu tukutazame na wewe." Mara nyingi mzee aliyekataa kwa mkwe humkubalia mtu aliyevaa koti jeupe, hasa akiwa tayari ameketi na kiti kimelazwa. Mumeo mpe kazi ya kuwasindikiza, asipewe ya kushawishi.

Kuacha hakutakuwa siku moja. Kichwa kitamuuma, atakuwa mkali, atasema chakula hakina ladha. Aanze kwa kutoa popoo na tumbaku, mdomo upewe kitu kingine cha kufanya: punje moja ya iliki, au chingamu isiyo na sukari, ambayo pia itampa zoezi la taya. Karafuu asitumie, kinywa kinachounguzwa na pilau hakitaistahimili.

Siku tatu kabla ya kwenda, msipake zambarau kinywani mwa mtu yeyote. Na asubuhi ya safari umbembeleze asitafune hadi mrudi, hata kwa kumwambia foleni ni ndefu na hakuna pa kutemea. Uwekundu wa tambuu na zambarau ya ile chupa hufunika kila kitu, na daktari anatakiwa alione shavu lenyewe.